Jinsi ya kukagua habari ya treni ya mwendokasi kabla hujaiamini au kuiandika

Habari nyingi za treni za mwendokasi zina umbo moja. Unaoneshwa pua ndefu ya treni, unatajiwa namba kubwa ya kilomita kwa saa, kisha unaambiwa ama nchi imepiga hatua ama fedha za umma zimeteketea. Kinachokosekana karibu kila mara ni njia yenyewe: kona zake zina upana gani, sehemu gani ni mpya na ipi ni ya zamani, inaingiaje mjini, na treni gani nyingine zinaitumia.

Treni ya mwendokasi ni njia kwanza, mabehewa baadaye. Mfano mzuri uko Japani. Treni ya aina ya N700 hukimbia kilomita 300 kwa saa kwenye njia ya Sanyo, magharibi ya Osaka. Treni hiyohiyo, ikiendelea na safari kuelekea Tokyo kwenye njia ya Tokaido iliyofunguliwa 1964, haivuki 285. Mota ni zilezile na dereva ana ujuzi uleule. Tofauti iko kwenye kona: zile za Tokaido zilichorwa kwa nusu kipenyo cha mita 2,500, wakati njia mpya za kilomita 300 kwa saa huhitaji takriban mita 4,000 au zaidi. Kwa hiyo, iwe unasoma, unahariri au unaandika, anza kwa kuuliza njia ikoje. Maswali mengine yote yanatoka hapo.

Kasi: tafuta namba nne

Gazeti likiandika "treni ya kilomita 350 kwa saa", bado hujaambiwa kitu. Kuna kasi ya rekodi, iliyofikiwa siku ya majaribio. Kuna kasi ambayo treni iliundwa kuihimili. Kuna kasi ya juu inayoruhusiwa treni ikiwa na abiria. Na kuna kasi ya wastani kutoka stesheni hadi stesheni, ambayo ndiyo pekee abiria anaiona kwenye saa yake. Jua kwanza ni ipi kati ya hizo.

Rekodi ndiyo inayopotosha zaidi. Tarehe 3 Aprili 2007 treni ya Ufaransa ilifika kilomita 574.8 kwa saa kwenye njia ya LGV Est, kabla njia hiyo haijafunguliwa kwa abiria. Lakini ilikuwa treni fupi iliyoandaliwa kwa kazi hiyo tu: vichwa viwili na mabehewa matatu katikati. Magurudumu yalikuwa na kipenyo cha milimita 1,092 badala ya 920 ya kawaida, ili mota zisilazimike kuzunguka kupita uwezo wake. Umeme kwenye waya wa juu ulipandishwa kutoka volti 25,000 hadi takriban 31,000. Waya wenyewe ulikazwa zaidi, kwa sababu pantografu, yaani mkono wa juu ya paa unaochota umeme, inapousukuma hutengeneza wimbi linalokimbia kwenye waya, na treni ikilifikia wimbi hilo waya hupanda, pantografu hupoteza mguso na vifaa huharibika. Ni kazi kubwa ya uhandisi na inastahili kuandikwa kwa heshima, ila haisemi chochote kuhusu muda wa safari ya abiria.

Vivyo hivyo treni ya sumaku ya Japani iliyofika kilomita 603 kwa saa tarehe 21 Aprili 2015 kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi. Hiyo inapoelea haigusi reli kabisa. Kuiweka kwenye sentensi moja na treni ya magurudumu bila kumwambia msomaji tofauti ni kosa.

Kasi ya wastani unaweza kuipata mwenyewe kwa dakika moja. Chukua urefu wa njia ya reli, ugawe kwa muda ulioandikwa kwenye ratiba. Kati ya Beijing na Shanghai reli ina kilomita 1,318, na treni za haraka zaidi hutumia saa 4 na dakika 18. Hiyo ni wastani wa kilomita 307 kwa saa, kwenye njia ambayo kasi ya juu ni 350. Kati ya Tokyo na Shin-Osaka kuna kilomita 515. Kwa saa 2 na dakika 21 unapata 219. Kati ya Tangier na Casablanca nchini Moroko kuna kilomita 323 na safari huchukua takriban saa 2 na dakika 10, yaani wastani wa 149, ingawa treni hiyo hufika 320. Namba ya Moroko si aibu wala udanganyifu. Njia mpya inaishia Kenitra, na kutoka hapo treni inaingia kwenye reli ya kawaida kupitia Rabat. Mwandishi aliyetaja 320 peke yake amemficha msomaji nusu ya safari.

Katika hesabu hii watu hukosea sehemu tatu. Ya kwanza ni dakika: saa 2 na dakika 10 si 2.10, ni 2.17, kwa sababu dakika 10 ni sehemu ya sita ya saa. Ya pili ni kutumia umbali wa barabara au wa ndege badala ya ule wa reli. Ya tatu ni kuchukua treni moja ya asubuhi isiyosimama popote na kuifanya mfano wa huduma nzima, wakati treni nyingi za siku hiyo husimama mara nne au tano. Andika muda wa treni ya haraka zaidi na muda wa treni ya kawaida, vyote viwili.

Ukihitaji mpaka wa kusema hii ni ya mwendokasi na hii siyo, tumia kipimo cha shirikisho la kimataifa la reli, UIC: kilomita 250 kwa saa au zaidi kwa njia iliyojengwa upya, na takriban 200 kwa njia ya zamani iliyoboreshwa. Chini ya hapo inaweza kuwa treni nzuri sana, ya umeme, safi na ya kutegemewa. Iite hivyo.

Usiishie kwenye dakika zilizookolewa

Hapa ndipo habari nyingi hukosa kiini cha jambo. Mjadala wa HS2, mradi wa njia mpya ya mwendokasi nchini Uingereza, uliendeshwa kwa miaka kana kwamba lengo lake lote lilikuwa kupunguza dakika kati ya London na Birmingham, na watu wakauliza, kwa haki kabisa, kama dakika hizo zina thamani ya mabilioni. Hoja nzito zaidi ya wahandisi ilikuwa nafasi kwenye reli. Njia ya Tokaido nayo ilijengwa kwa sababu reli ya zamani kati ya Tokyo na Osaka ilikuwa imejaa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kuna kilomita 100 za njia moja. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 100 kwa saa itazimaliza kwa dakika 60. Treni ya kilomita 300 kwa saa itazimaliza kwa dakika 20. Ile ya haraka ikitoka nyuma ya ile ya mizigo lazima isubiri zaidi ya dakika 40 kabla ya kuondoka, la sivyo itaikuta njiani. Dakika hizo zote reli imekaa bure. Ukizitenga treni za haraka kwenye njia yao, zile za zamani hubaki na kasi zinazokaribiana na zinaweza kufuatana kwa karibu. Ndiyo maana faida ya njia mpya mara nyingi huonekana kwenye njia ya zamani, mahali ambapo kamera haiendi.

Kupima uwezo wa njia, zidisha viti vya treni moja kwa idadi ya treni kwa saa. Treni ya N700 yenye mabehewa 16 ina viti 1,323. Ratiba ya Tokaido iliyoanza 2020 iliruhusu hadi treni 12 za Nozomi, zile za haraka zaidi, kwa saa kila upande. Hivyo ni viti 15,876 kwa saa kwa upande mmoja, kabla hujahesabu treni zinazosimama stesheni nyingi zaidi. Msomaji akipewa namba hiyo anaelewa mradi kuliko akipewa kasi.

Mradi uko hatua gani?

Kabla ya kuandika "nchi fulani inajenga", weka mradi kwenye ngazi yake: wazo, upembuzi yakinifu, fedha zimepatikana, mkandarasi yuko kazini, treni zinajaribiwa, abiria wanapanda. Ramani yenye mistari ya rangi huchanganya ngazi zote hizi, na hati ya makubaliano iliyosainiwa mbele ya kamera huwa haina hata senti ya ujenzi. Uliza swali moja: nani ametoa fedha, na kwa kilomita zipi?

Chombo cha kusafiri ndani ya bomba, kiitwacho Hyperloop, kilitangazwa 2013 kwa ahadi ya kilomita zaidi ya 1,000 kwa saa. Jaribio la kwanza lenye watu ndani, Novemba 2020 jangwani Nevada, lilifika 172 kwa saa kwenye bomba la mita 500. Kampuni iliyolifanya ilifungwa mwishoni mwa 2023. Habari za miaka hiyo ziliandika ahadi kwa wakati uliopo, kana kwamba kitu kinafanya kazi tayari. Hata mradi wenye fedha na wajenzi wa kweli hubadilika tarehe: njia ya sumaku kati ya Tokyo na Nagoya ilipangiwa 2027, na mwaka 2024 kampuni yake ikasema tarehe hiyo haiwezekani. Kila tarehe ya ufunguzi iandikwe pamoja na siku iliyotangazwa na aliyeitangaza.

Gharama

Namba ya gharama bila mwaka wa bei haina maana. Makadirio yanaweza kutolewa kwa bei za leo, au kwa bei zitakazokuwepo siku fedha zitakapotumika, pamoja na mfumuko wa bei. Mradi wa miaka ishirini unaonekana mkubwa zaidi kwa njia ya pili bila hata taruma moja kuongezwa. Ukilinganisha makadirio ya zamani yaliyopigwa kwa njia ya kwanza na mapya yaliyopigwa kwa njia ya pili, utaandika "gharama zapaa" wakati sehemu ya ongezeko ni namna ya kuhesabu. Sehemu nyingine inaweza kuwa ongezeko la kweli. Kazi yako ni kuzitenganisha.

Kisha uliza kilichomo: fidia ya ardhi? treni zenyewe? stesheni? karakana? fedha za tahadhari? riba? Halafu uliza ni kilomita zipi. Mradi wa treni ya mwendokasi wa California, Marekani, ni somo zuri. Rasimu ya mpango iliyotolewa 2011 ilitaja dola bilioni 98.5. Mpango wa 2012 ukataja bilioni 68.4. Hakuna aliyegundua saruji ya bei nafuu katikati ya miezi hiyo: waliamua kwamba kwenye miji ya mwanzo na mwisho treni zitumie reli zilizopo badala ya kujengewa mpya. Gharama ilishuka kwa sababu kitu kinachojengwa kilibadilika, na kasi ya kuingia mjini ilibadilika nacho. Kumbuka njia.

Usimtumie Mjapani kama fimbo ya kumchapia mwingine bila kusema yote. Gharama za Tokaido ziliongezeka karibu maradufu kuliko bajeti ya mwanzo, na mkuu wa shirika la reli, Shinji Sogo, alijiuzulu 1963, mwaka mmoja kabla ya treni ya kwanza kuondoka. Benki ya Dunia iliukopesha mradi huo dola milioni 80. Leo hakuna anayeutaja kama mradi ulioshindwa.

Kosa dogo linalorudi kila wiki: kubadilisha makadirio ya miaka kumi iliyopita kwa kiwango cha fedha za kigeni cha leo. Tumia kiwango cha mwaka wa makadirio, au acha fedha ya asili.

Ajali

Saa za mwanzo, acha chanzo. Andika mahali, muda, aina ya treni, njia iliyokuwa ikipita, na idadi ya walioathirika kama ilivyotolewa na mamlaka iliyotajwa. Kisha, kabla ya kuweka maneno "ajali ya treni ya mwendokasi" kwenye kichwa cha habari, tafuta mambo manne: treni ni ya aina gani, njia ni ya aina gani, kasi iliyoruhusiwa pale ni ngapi, na ni mfumo gani ulitakiwa kuizuia treni kiotomatiki.

Ajali ya Eschede, Ujerumani, tarehe 3 Juni 1998, iliua watu 101. Treni ilikuwa ya mwendokasi, aina ya ICE, lakini ilikuwa kwenye reli ya kawaida, kwa takriban kilomita 200 kwa saa. Chanzo kilikuwa gurudumu: ringi ya chuma ya nje, iliyotenganishwa na kiini cha gurudumu kwa mpira ili kupunguza mtetemo, ilipasuka kwa uchovu wa chuma. Ilipofika mahali reli zinapogawanyika treni ikaacha reli, na mabehewa yakagonga nguzo za daraja lililoporomoka juu yake.

Santiago de Compostela, Hispania, tarehe 24 Julai 2013: treni iliingia kwa takriban kilomita 179 kwa saa kwenye kona ya 80, na watu wapatao 80 wakafa. Kona hiyo ilikuwa mwisho wa njia mpya, pale inapokutana na njia ya mjini, na hakukuwa na mfumo wa kuipunguza treni kiotomatiki katika hatua hiyo. Dereva alikuwa amepigiwa simu ya kazi muda mfupi kabla. Aliyeandika "dereva" tu ameacha nje nusu ya jambo.

Wenzhou, Uchina, tarehe 23 Julai 2011: hitilafu ya mfumo wa ishara baada ya radi, treni moja ikaigonga nyingine kwa nyuma, watu 40 wakafa. Neno "kasi" halielezi chochote hapo.

Kwa upande wa pili, epuka sifa zisizopimwa. Utakuta imeandikwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kufa kwenye Shinkansen, treni za mwendokasi za Japani. Si kweli: mwaka 1995 abiria mmoja alikufa baada ya kubanwa na mlango stesheni ya Mishima, na baadaye kumekuwa na vifo vya vitendo vya watu ndani ya treni. Kauli sahihi ni kwamba tangu 1964 hakuna abiria wa Shinkansen aliyekufa kwa treni kuacha reli au kugongana. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kauli ya pili inasimama na ya kwanza inaanguka.

Treni dhidi ya ndege

Mei 2023 vichwa vya habari duniani vilisema Ufaransa imepiga marufuku safari fupi za ndege. Sheria iligusa njia tatu tu: kutoka uwanja wa Orly, Paris, kwenda Nantes, Lyon na Bordeaux, ambako treni hufika kwa chini ya saa mbili na nusu. Abiria wa kuunganisha ndege hawakuguswa. Kila ukiona neno "marufuku", hesabu njia zilizotajwa kwenye amri yenyewe.

Picha na video

Picha isiyo sahihi hudumu kuliko maneno. Angalia chini ya treni kwanza. Ukiona reli mbili na magurudumu, si treni ya sumaku. Ukiona treni inakumbatia boriti ya zege, au inapita ndani ya mfereji wenye kuta mbili, huenda ni ya sumaku. Treni za TGV, zile za mwendokasi za Ufaransa, utazitambua kwa magurudumu yaliyo chini ya maungio ya mabehewa, kila mabehewa mawili yakishirikiana. Kisha angalia juu: treni ya mwendokasi ya magurudumu bila pantografu na bila nyaya karibu daima ni mchoro wa kompyuta, kwa sababu wachoraji hufuta nyaya ili picha ipendeze. Andika "mchoro" kwenye maelezo ya picha.

Ukungu wa kasi hauthibitishi kitu. Kamera ikifunguliwa kwa sehemu ya thelathini ya sekunde na mpiga picha akaifuata treni, hata treni ya mizigo ya kilomita 60 kwa saa itaonekana inaruka.

Video inaweza kupimwa. Chagua nguzo moja, hesabu sekunde kuanzia pua inapoifikia hadi mkia unapoiacha, gawa urefu wa treni kwa mita kwa sekunde hizo, zidisha kwa 3.6. Treni ya mita 200 kwa kilomita 300 kwa saa hupita nguzo kwa sekunde 2.4. Ikichukua sekunde 6, inakwenda 120. Ikipita kwa sekunde moja, video imeharakishwa. Tazama watu walioko jukwaani, mikono yao itakuambia.

Sauti nayo huongezwa. Mlio wa tak-tak hutokana na maungio ya reli, na njia za mwendokasi zina reli zilizochomelewa mfululizo. Honi ya mvuke juu ya treni ya umeme ni ya maktaba ya studio.

Kama unaandika tamthilia, achana na bomba la breki linalokatwa ili treni isisimame. Katika breki za hewa, shinikizo ndani ya bomba ndilo linaloziachia. Bomba likipasuka au behewa likikatika, hewa hutoka na breki hushika zenyewe. Achana pia na pambano juu ya paa, chini ya waya wa volti 25,000, ambao unaweza kumrukia mtu kabla hajaugusa. Treni ya kilomita 300 kwa saa husafiri mita 83 kila sekunde na huhitaji zaidi ya kilomita tatu kusimama hata kwa dharura, ndiyo maana dereva hupewa ishara kwenye meza yake na hategemei taa za kando ya njia. Ukitaka hatari ya kweli, iko hapa: pantografu inanasa waya uliolegea na kuuangusha, umeme unakatika, viyoyozi vinazima, madirisha hayafunguki, treni ya nyuma nayo inasimama, na mamia ya watu wanasubiri kwenye joto mpaka ithibitishwe kwamba waya umezimwa, kwa sababu kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuwashusha relini.